Funda la Kwanza la Mbodze

Sogeeni hapa, kila mtu na hindi lake. Mikono ipukuchue, masikio yasikilize. Wewe mwenye magoti marefu, yakunje, mwenzio naye apate pa kukaa. Nikisema "Kisa na kije," itikieni "Kije na ukweli wake."

Kisa na kije.

Mmeitikia kama watu wenye njaa, lakini haidhuru.

Basi kale, kale ile ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado ya kubebwa mgongoni, milima ilikuwa imeshaketi lakini njia zilikuwa zingali zinatafuta pa kupita. Njia moja ilipochoka kutafuta, ikapumzika hapa Mwambarani, penye minazi leo. Hapo ndipo palipoota mangwe.

Mangwe mnaijua. Ni pale watu wazima wanapokwenda kunywa mnazi, tembo la miti hii yetu. Huenda wakinong'ona na kurudi wakiimba. Msicheke, simtaji baba wa mtu hapa. Na mangwe ninayoisema ni hii hii yetu, hapo njia ya sokoni, inayouza mpaka leo. Mnaiona ina mabati na viti vya plastiki, mnadhani ni ya juzi. Ya juzi wapi. Mreno aliitishia, akaondoka akaiacha. Liwali alikuja, akaikemea mbele za watu, kisha akatuma kibuyu kwa mlango wa nyuma. Mwingereza alikuja na leseni na marufuku yake, jua la saa sita likampiga, akaomba kivuli, akapewa kivuli na cha kunywa pia. Wote wamekwenda, mangwe ipo. Mimi mnazi siunywi, tumbo langu halipatani nao, lakini nyumba ile naiheshimu kama ninavyoliheshimu kaburi la mama yangu.

Leo nawapa kisa cha siku iliyokaribia kuwa ya mwisho kwake.

Siku hizo mwenye mangwe alikuwa mwanamke, jina lake Mbodze. Aliachiwa mangwe hiyo na mumewe, na mumewe aliachiwa na babake, Mzee Ngala, aliyeipanda ile minazi kwa mkono wake. Mbodze hakuwa mrefu, hakuwa na sauti kubwa, hakuwa na mali. Lakini wanaume waliokuja kwake wakigombana, walipomwona tu amesimama, walikumbuka kwamba ugomvi wenyewe haukuwa na maana.

"Hawe, alikuwa anapiga watu?"

Hakupiga mtu, mjukuu wangu. Alikuwa anatazama. Pukuchua.

Mzee Ngala alipoanzisha mangwe aliweka ada moja. Alisema, mgeni ametoka mbali, hajui moyo wako ulivyo, na moyo haufunguliwi ukaonekana. Basi mwonyeshe kwa koo lako. Kwa hiyo kila kibuyu kilipoletwa, kabla mgeni hajakigusa, mwenye nyumba alimwaga tone chini, kisha akavuta funda moja kwa mrija, kisha ndipo akampa mgeni. Tone la kwanza la wahenga, funda la kwanza la mwenyeji, kinachobaki ni cha mgeni. Akija maskini, ni hivyo. Akija tajiri, ni hivyo. Akija mtu na mkwewe, watu wasiotazamana usoni, ni hivyo hivyo. Tone la wahenga, funda la mwenyeji, kinachobaki ni cha mgeni.

Na watu walikuja. Walitoka bara na pembe na nta, walitoka mjini na nguo na shanga. Walioogopana njiani hawakuogopana pale, kwa sababu ya lile funda moja la Mbodze.

Mnazi wenyewe aliugema ndugu yake, Ngowa. Mnajua wasemavyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ngowa alisifiwa na bara na pwani na hakutia hata tone. Alipanda asubuhi, alipanda jioni, akakata kole, kile kikonyo kinachochuruza mnazi, kwa kisu chake taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto, akashuka na mnazi mtamu. Alikuwa mtu wa kucheka. Akiwa juu huko alisimulia mambo, na waliokuwa chini walicheka kwa mambo ambayo hawakuyasikia yote.

Kisha Ngowa akaacha kucheka. Sikilizeni kwa nini.

Huko mjini Mreno alikuwa na ngome, na ngome ilikuwa haitosheki kwa mawe. Ukuta huu ukiisha, kapteni wake alitaka ukuta mwingine. Askari wakaja huku kwetu kuchukua vijana wa kubeba mawe, na miongoni mwao wakamchukua Tsuma, mtoto wa pekee wa Ngowa. Wenzake walirudi wamekonda. Tsuma hakurudi. Walisema jiwe lilimwangukia, wakasema pia kwamba kazi haikusimama.

Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi. Ngowa hakulia. Alipanda minazi, akashuka, akapanda, akashuka. Mbodze akimwita kula, anakula. Akimwambia lala, analala. Lakini alikuwa kama nyumba iliyohamwa, mlango upo na mwenyewe hayupo. Mbodze alimlilia mtoto wa ndugu yake, akawa anamlilia na ndugu yake pia, naye amekaa pale pale mbele yake.

Basi siku moja akaja Faki. Faki alikuwa mtu wa mjini, mkalimani wa yule kapteni, kanzu yake safi na roho yake haina raha. Akaketi, akapewa kibuyu kwa ada, akanywa, akajifuta mdomo.

"Mama Mbodze," akasema, "Kapteni anakuja kesho."

"Karibu yake."

"Usiseme karibu kabla hujasikia. Ameambiwa kwamba watu wanakutana hapa kumpangia vita. Anataka kukata minazi yote. Mimi nimemwambia ni watu wa kunywa tu, hawana vita. Akasema atakuja aone mwenyewe. Akipenda alichokiona, mtabaki. Asipopenda, mashoka atakuwa nayo tayari."

"Nimesikia."

"Na jingine. Kapteni haguswi chakula chake wala kinywaji chake. Mpishi wake mmoja alionja mchuzi mbele yake, akapigwa mijeledi. Kesho kibuyu kikifika, anywe yeye kwanza. Usitie mdomo wako kabla yake."

Mbodze akawa anapangusa kibuyu.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Faki, mimi nimesikia. Mnazi wako unapata joto, kunywa."

Faki akaenda zake bila kujua amebeba jibu gani. Ngowa alikuwa juu ya mnazi na maneno yote aliyasikia. Aliposhuka akamuuliza dada yake, "Utafanyaje?"

Mbodze alikuwa amechoka, akajibu kama watu wanavyojibu wakichoka. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Neno lile alilisema hivi hivi tu. Lakini Ngowa alilichukua akaenda nalo.

Sasa tazameni, nitawaambia jambo ambalo Mbodze hakulijua. Ngowa alisema moyoni: dada yangu ameinama. Kesho ada haitafuatwa. Kesho Kapteni atakunywa kwanza, na yeye peke yake. Akaenda msituni akachuma majani ya mti ambao siutaji mbele ya watoto, akayaponda, akayakamua, na asubuhi akayatia ndani ya kibuyu kizuri kuliko vyote, kile chenye shanga shingoni, ambacho lazima kingepewa mkubwa wa wageni. Askari je, watakaolipiza kisasi? Kijiji je, kitakachochomwa? Hakuviwaza. Aliyefiwa na mwana wa pekee hana hesabu nyingine kichwani.

Mnaona kosa lake? Alimjua dada yake tangu kuzaliwa, na siku aliyohitaji kumjua, hakumjua.

Kapteni akaja mchana, kofia ya chuma kichwani, jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Askari nyuma yake, mashoka mabegani mwa askari, Faki pembeni. Watu waliokuwapo wakasimama. Kapteni akaketi kwenye gogo refu kuliko yote, akanyoosha miguu, akatazama minazi ile kama mtu anayetazama kuni.

Mbodze akakitoa kibuyu chenye shanga. Akachuchumaa. Akamwaga tone la wahenga.

Kapteni akanyoosha mkono.

Mbodze hakumpa. "Faki," akasema, "mwambie mgeni asubiri kidogo. Hapa amiminaye ndiye anayekunywa kwanza. Nikishakunywa, kinachobaki ni chake."

Faki akawa rangi ya majivu. "Mama, hilo nitamwambiaje? Atanikata ulimi."

"Mwambie sasa, ukiwa bado unao."

Faki akasema. Kapteni kwanza alicheka, akadhani ni mzaha wa kienyeji. Alipoona mwanamke hacheki, akaacha kucheka. Akatamka neno moja, na askari mmoja akaenda akaweka shoka lake kwenye shina la mnazi mrefu kuliko wote, ule wa kwanza alioupanda Mzee Ngala. Kisha Kapteni akasema maneno marefu, na Faki akayaleta mafupi.

"Anasema hivi. Akinywa yeye kwanza, minazi inasimama. Ukinywa wewe kwanza, minazi inaanguka, kuanzia na huo."

Basi hapo, wajukuu zangu, kuna mtu hajui mzigo aliobeba Mbodze? Akiitupa ada, mangwe itabaki na miti yake, lakini itakuwa mangwe ya nini? Na akiishika ada, miti inaanguka, na ukishaanguka mnazi hakuna mangwe, kuna kisiki. Watu wakaanza kunong'ona. Mpe, Mama. Mwenye nguvu mpishe. Mpe, funda moja ni kitu gani. Wazee wenye mvi, ambao maisha yao yote walipewa kinywaji kwa ada ile, wakasema mpe.

Mbodze akawatazama, akawasamehe. Walikuwa wanaogopa, na kuogopa si dhambi.

Kisha nyuma yake akasikia sauti nyingine.

"Dada, mpe. Mpe tu anywe."

Ilikuwa sauti ya Ngowa.

Mbodze akageuka. Ngowa ambaye tangu msiba maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ngowa ambaye akiwa mtoto alipigana na mtu mzima kwa sababu ya muwa, akapigwa, akaamka, akapigana tena. Ngowa ambaye Kapteni huyu alimla mtoto wake. Ndiye anasema mpe. Na uso wake ulikuwa na jasho, na macho yake hayakumtazama dada yake wala hayakumtazama Kapteni. Yalikitazama kibuyu.

Hapo Mbodze akajua.

Akajua kama unavyojua kwamba chungu kimeungua, kabla hujafunua kifuniko. Kibuyu kikawa kizito mikononi mwake. Angeweza kumpa Kapteni, na Tsuma angelipiwa kisasi, na mgeni angekufa ndani ya mangwe iliyojengwa ili wageni wasife. Angeweza kukimwaga, Kapteni angetambua sumu, na ndugu yake angekatwa kichwa pale pale kabla hajasema neno.

Hakumpa Kapteni, na hakukimwaga. Alimtazama ndugu yake, akamtazama vizuri, hakuondoa macho. Na huku anamtazama, akauinua mrija akaupeleka mdomoni.

Kapteni akapandisha mkono, shoka likapanda. Watu wakafumba macho. Mrija ukagusa midomo ya Mbodze.

Ngowa akaruka. Akaruka juu ya gogo, akaruka juu ya miguu ya Kapteni, akakipiga kile kibuyu kikaenda kikapasuka kwenye mizizi. Mnazi ukamwagika wote. Akaanguka kifudifudi mbele ya dada yake na hakuinuka.

Shoka limesimama hewani, askari hajui alishushe au asilishushe.

Mnajua nzi na mnazi. Ukimwagika kidogo tu, wanaitana ukoo mzima. Wakashuka, wakatua, wakanywa. Na waliotua hawakuruka tena. Wakaja wengine, nao wakatua, nao wakabaki. Kapteni alikuwa mbaya lakini hakuwa mjinga. Alitazama nzi, akamtazama Ngowa, akasimama. Upanga ukatoka. Askari wakamkamata Ngowa mikono, wakamwinua kama gunia.

"Anasema," Faki akaanza, akamtazama Mbodze. "Anasema huyu anakufa sasa. Na minazi yote inaanguka."

Mbodze akajifuta midomo kwa upindo wa leso, akasimama. Mwambieni mtu yeyote kwamba hakuwa mrefu, lakini siku ile waliokuwapo walisema walimtazama juu.

"Faki," akasema, "mwambie Kapteni polepole, usiruke neno. Sumu imepatikana nyumbani kwangu, siikani. Lakini kibuyu kile kilikuwa cha nani? Kwa ada ya hapa, kibuyu ni cha mwenyeji mpaka mwenyeji anywe. Mimi nilikuwa sijanywa. Basi aliyetiliwa sumu ni mimi, na aliyeitia ni ndugu yangu. Hiyo ni kesi ya tumbo moja. Mgeni hana shauri ndani yake."

Faki akasema. Kapteni akajibu kwa hasira.

"Anasema ada yako haitambui."

"Basi twende kwa ada yake. Kwa ada yake, yeye alikuwa anywe kwanza. Ningempa kibuyu, angekunywa, na saa hii ninyi mngekuwa mnamfunika kwa makuti. Mwambie achague. Akitaka ada yake, ameshakufa, na maiti hatoi amri. Akitaka ada yangu, yuko hai, na aliye hai kwangu huketi akangoja zamu yake."

Wanasema Faki maneno yale aliyatafsiri bila kutetemeka. Maisha yake yote alikuwa amebeba maneno ya wakubwa kuyashusha kwa wadogo, na siku ile kwa mara ya kwanza alibeba ya mdogo akayapandisha kwa mkubwa. Aliyasema yote, akayasema taratibu, na alipomaliza alikuwa amenyooka mgongo.

Kapteni akatazama wale nzi. Akawatazama muda ambao ungetosha kupika ugali. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile aliyepona alikuwa mgeni, naye alijua, na alijua kwamba wote wamejua.

Akarudisha upanga. Akavua kofia yake ya chuma, akaiweka magotini. Akaketi, kama wanavyoketi watu wengine wote.

Mbodze akaingia ndani akaleta kibuyu kingine, kibuyu cha kawaida kisicho na shanga. Tone la kwanza la wahenga. Funda la kwanza la mwenyeji. Kinachobaki akampa mgeni. Kapteni akanywa, akakunja uso, maana ulikuwa mnazi wa jana na mkali, na Mbodze hakuona sababu ya kumpa wa leo. Kisha akainuka, akasema neno kwa askari, wakamwachia Ngowa, wakachukua mashoka yao wakaenda.

Siwadanganyi. Hakuacha kuwa Mreno. Aliendelea kujenga kuta zake mpaka siku yake ilipofika. Lakini minazi ya Mwambarani haikuguswa tena, na askari wake walipopita hapa kwa kiu, waliketi wakangoja zamu.

Watu wakatawanyika, kila mmoja ana haraka ya kuwa kwake. Wakabaki wawili, dada na kaka. Ngowa alikuwa chini, anaokota vipande vya kibuyu.

"Dada," akasema bila kuinua uso, "ungekunywa kweli?"

"Ningekunywa."

"Hukujua kilichomo."

"Nilijua. Nilijua uliposema mpe. Wewe hujapata kusema mpe tangu tulipokuwa watoto."

Vipande vikamwanguka Ngowa. "Ulijua, na ukapeleka mdomo? Kwa ajili ya minazi?"

"Minazi ningepanda mingine," Mbodze akasema. "Tsuma alipokufa nilipoteza watu wawili. Nikasema leo nitajua kama nina ndugu, au nina mgema tu."

Hapo Ngowa akalia. Alimlilia Tsuma kilio ambacho hakukilia siku ya msiba, akalia mpaka majirani wakatoka kusikiliza, na Mbodze akaketi naye chini, akamshika kichwa, akawaambia majirani waende zao, hakuna kilichoharibika.

Kesho yake Ngowa alipanda mapema. Aliposhuka, kabla hajampa dada yake mnazi, akanywa yeye kwanza mbele yake. Hakuambiwa. Na tangu siku ile imekuwa hivyo: mgema hunywa mbele ya mwenye nyumba, mwenye nyumba hunywa mbele ya mgeni. Nendeni mkaone, ila mkaonee mbali, mnazi si wenu bado.

Basi shikeni hili. Siku nyepesi kila mtu hushika ada, hata mwoga. Mwenye ada hujulikana siku ile inapouma. Na mtu aliyepotelewa na moyo wake, usimwite kwa kelele. Mwonyeshe kwamba wewe bado unamwamini, hata kama wewe mwenyewe unaogopa.

Kisa kimenishusha hapa, nami hapa nawashusha. Aliyesinzia asinilaumu, aliyesikia amsimulie aliyesinzia.